Chini ya Kigoda cha Mkunga

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo na sisi tumeanza leo. Mkuu wa makumbusho ametukusanya asubuhi chumba cha juu, akasema kabla masika hayajaisha vitu vyote vya ghala letu viwe mtandaoni, ili mtu aliyejilaza kitandani kwake popote duniani avizungushe kwa kidole. Kipara akapiga makofi. Kipara ndiye mpiga picha wetu. Ana nywele nyingi kuliko sisi sote, jina alipewa kwa utani likamganda.

Kazi yenyewe ni hivi, niiandike wakati bado naipenda. Kitu kinawekwa juu ya meza ndogo inayozunguka, Kipara anakipiga picha kutoka kila upande, mamia ya picha. Mimi naziingiza kwenye kompyuta, programu inazishona pamoja, na kitu kinatokea kwenye kioo kikiwa na mgongo na mbavu zake. Pale ambapo kamera haikuona panabaki tundu. Kazi yangu ni kuziba matundu. Kipara ananiita Fundi Viraka, wala sijali, maana kiraka changu hutakiona.

Utaratibu wa Mkuu: juu kwanza, chini baadaye. Kupindua kitu ni shughuli pevu, kila kimoja kinataka mto wake kisivunjike, na taa zipangwe upya. Kwa hiyo tutapiga vitu vyote vikiwa vimesimama, halafu raundi ya pili tuvipindue. Nikasema ni wazo zuri, maana ni zuri.

Jumatano, 6 Machi

Vyungu. Vyungu. Vyungu.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Funguo, mtunza ghala, amenifokea mbele za watu kwa sababu nilisogeza kinyago kwa kidole. Kidole kimoja! Anatembea na lile shada la funguo kiunoni utadhani amekabidhiwa milango ya peponi. Sheria zake: asiye na glavu hagusi, na kilichokwisha kufungwa hakifunguliwi bila karatasi ya Mkuu. Nimemnunia mpaka saa ya kutoka.

Nyumbani, mama yangu miguu imemvimba tena.

Jumatatu, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Leo mezani kimepita kigoda cha mkunga wa mtaa wetu wa zamani, kililetwa makumbusho na wajukuu zake alipofariki. Kifupi, miguu mitatu, mmoja una ufa, mti umebunguliwa. Juu kimelainika kwa kukaliwa. Kipara akakipiga picha, Mama Funguo akakivika kitambaa na kamba, kwisha kazi.

Jioni nikamsimulia mama, kama ninavyomsimulia kila siku, maana hatoki tena. Tunakaa ghorofa ya tatu na moyo wake haumruhusu ngazi. Mama mdogo, mdogo wake anayetusaidia kumuuguza, alikuwa anapakua.

"Leo nimemkumbuka yule mkunga wako," nikasema. "Kigoda chake tunacho."

Mama akaweka kijiko chini. "Mmekipindua?"

"Bado. Chini ni baadaye."

"Dada, acha," mama mdogo akasema.

"Siachi. Nimeacha miaka yote hii."

Ndipo nikaambiwa. Kabla yangu alikuwepo mtoto wa kiume. Alitoka, hakulia. Walimzika wakati mama mwenyewe ana homa, hajitambui, na mahali pale siku hizi pana karakana. Hana picha, hana jina, hana kaburi. Lakini yule mkunga alikuwa na tabia yake: kila mtoto aliyempokea alimkatia alama kwa kisu, chini ya kigoda alichokalia.

"Mwanangu yuko pale," mama akasema. "Ni pale tu alipo, hana pengine. Nataka nimwone kabla sijaenda."

"Alama yake ikoje?"

"Si kama za wenzake. Ukiiona utajua."

Maisha yangu yote nimejiita kifungua mimba. Kumbe nina kaka. Nimekaa chooni nikalia na bomba nimelifungua wasinisikie.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda mbio kama mjinga. Mkuu amesafiri. Kipara akasema, "Fundi Viraka, raundi ya pili ikifika nakipiga cha kwanza, neno langu hilo." Mama Funguo hata hakuniangalia: "Karatasi."

Alhamisi, 14 Machi

Dari la ghala la juu linavuja. Kipara akatoa wazo kwamba vitu vilivyokwisha kupigwa picha vishushwe ghala la chini, kukavu. Sote tukaona ana akili. Kigoda nimekishusha mwenyewe, kimefungwa vile vile, nimekikumbatia kifuani kama mtoto. Ningejua ningekimbia nacho.

(Hiyo sentensi ya mwisho nimeiongeza baadaye. Naiacha.)

Jumatatu, 18 Machi

"Umemwona?"

"Bado, mama."

Ijumaa, 22 Machi

Mkuu amerudi. Nikamwomba kigoda kipinduliwe mapema. Akatabasamu, si mtu mbaya, akasema, "Mwanangu, kila mmoja akitaka chake kitangulie tutafika kweli?" Nilipaswa kumwambia, mzee, pale pana kaka yangu. Niliona haya. Nilidhani atanionea huruma mbele ya Kipara, na mimi huruma za watu siziwezi. Nikasema, "Sawa, mzee," nikatoka.

Mchana Mama Funguo alikwenda kunywa chai akaniacha ghala la chini naandika namba. Kigoda hicho hapo rafu ya chini kabisa. Nikachuchumaa. Nikashika fundo la kamba. Simu iko mfukoni, ni kufungua, kuinamisha, kupiga picha moja, kufunga. Nikaukumbuka ule mguu wenye ufa. Nikakiona akilini kinavunjikia mikononi mwangu na Mama Funguo amesimama mlangoni. Nikaachia kamba.

Nilijisifu kwamba nimefuata utaratibu.

Jumatano, 27 Machi

Mvua.

"Umemwona?"

"Bado."

Jumanne, 2 Aprili

Mama amepelekwa hospitali amebebwa kwenye kiti ngazi zote, vijana wa jirani wakipokezana. Daktari akaniita pembeni akasema maneno ya pembeni: tumpe anachopenda, tusimchoshe. Mama mdogo akaniuliza daktari kasemaje, nikasema kabadilisha dawa. Akanitazama. "Hata kudanganya hujui," akasema, akaenda kukunja kanga za mama.

Amerudishwa nyumbani jioni. Nimemwambia Mama Funguo ukweli? Hapana. Kesho.

Ijumaa, 5 Aprili

Sikusema. Mkuu kasema raundi ya pili inaanza Jumatatu. Jumatatu! Nimemwambia mama, akacheka kwa mara ya kwanza mwezi huu, akaniomba nimsuke nywele, utadhani ni mgeni anayekuja.

Jumatatu, 8 Aprili

Nitaandika yote.

Mvua ilinyesha toka Jumamosi bila kupumua. Nilipofika kazini mlango mkubwa uko wazi na Mama Funguo anatoka ndani amelowa mpaka kifuani, kichwani kabeba sanduku. Bila glavu. Hakupoteza maneno, alisema tu, "Shuka."

Mtaro wa nyuma ya jengo ulizibwa na takataka, maji yakakosa njia, yakaingia kwa tundu la hewa la ghala la chini. Yalikuwa yamelala mle siku mbili. Ngazi za mwisho huzioni. Maji rangi ya chai, vitambaa vinaelea. Nikaingia. Kipara akaingia nyuma yangu na suruali yake ya kazini na saa yake. Mkuu alisimama juu ya ngazi akapokea vitu, mzee wa watu, midomo inamcheza, kila tunachompa anauliza, "Hiki ni kipi? Hiki ni kipi?" kama haoni.

Mimi sikuwasaidia. Niseme ukweli. Vyungu vilikuwa vinanigonga magotini na mimi navisukuma. Nilikwenda moja kwa moja rafu ya chini, nikapiga magoti, maji shingoni, nikapapasa. Nikakipata. Kilikuwa kizito kuliko siku niliyokishusha, kimenyonya maji kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mguu ule wenye ufa ukabaki rafuni.

"Leta hapa polepole," Mama Funguo akasema. "Usikiinamishe."

"Kaka yangu yuko chini yake," nikasema. Hapo ndipo nilisema! Baada ya wiki zote zile, mbele ya wote, maji yakiwa shingoni. Hakuna aliyecheka. Kipara akafuta uso, akaja akashika upande wa pili.

Tukakiweka mezani, juu ya meza ile ile ya kuzunguka. Mama Funguo akakata kamba kwa meno. Kitambaa kilipotoka, kilitoka na mti. Chini ya kile kigoda kulikuwa kumeliwa na bungua mpaka pamebaki ngozi tu, na ile ngozi ikang'oka ikabaki kwenye kitambaa kama ukoko kwenye sufuria. Nikajaribu kuubandua kwa vidole. Ukawa uji. Niliona mkato mmoja, naapa niliona mkato mmoja, nilipougusa haukuwepo.

Mama Funguo alinishika mikono yote miwili akaiweka mezani. "Inatosha," akasema. "Inatosha, mwanangu, utajiumiza."

Halafu akaondoka akasimama dirishani akitupa mgongo, na yale mafunguo yanalia kiunoni.

Nyumbani mama alikuwa amekaa kitako, kasukwa.

"Umemwona?"

Nikasema, "Nimemwona, mama. Alhamisi nakuletea."

Jumanne, 9 Aprili

Mungu wangu, nimesema nini.

Jumatano, 10 Aprili

Picha za juu zipo. Nimezishona. Kigoda kikatokea kwenye kioo kikiwa kizima, kikavu, na ule mguu wake. Nikakipindua. Chini ni tundu, unaona ndani yake kama unavyochungulia kofia. Nikabonyeza kitufe cha kuziba, kazi ya sekunde. Programu ikaweka mfuniko laini, rangi imeiokota pembeni, safi kabisa. Mtu asiyejua ataapa kwamba mti ulikuwa hivyo.

Nimeutazama ule ulaini asubuhi nzima. Kisha nikachukua kalamu ya kuchongea ya programu.

Nilikata mikato. Mifupi, mirefu kidogo, safu kwa safu. Nikaitia vivuli na vumbi. Mimi fundi, sijisifu. Katikati nikaweka duara moja dogo, peke yake, maana mama alisema si kama za wenzake. Nilipomaliza likanitazama kama jicho, nikasema, "Shikamoo kaka," nikazima kioo.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimempelekea kwenye tableti. Mama mdogo akamwegesha kwa mito, akamvalisha miwani. Mama akakizungusha kwa kidole, juu, pembeni, akacheka kuuona mguu wenye ufa. "Ni chenyewe," akasema. Kisha akakipindua.

Aliisogelea mikato mpaka miwani ikagonga kioo.

"Nani kachonga?"

"Mkunga, mama."

"Mkunga alikata akiwa na mtoto mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Hakuna ulionyooka hata mmoja. Hii imenyooka kama shanga." Akaweka kidole kwenye duara. "Na hili?"

Nikamvuta shuka miguuni, nikaiweka sawa.

"Alishika kisu akitaka kumkatia," mama akasema. "Nikamshika mkono. Nikamwambia, huyu hajalia, usimkate, niachie nafasi yake. Akaruka upana wa kidole. Ulipozaliwa wewe akakukatia upande wa pili wa ile nafasi. Ndiyo alama yake. Pale palipo patupu, kabla yako. Nilikuwa nikienda kumsalimu yule bibi namsogezea kigoda kwa heshima, huku napapasa chini kwa kidole gumba. Hakuna aliyejua. Yeye alijua."

Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwaga yote, mtaro, maji, kitambaa, uji. Nilidhani atanishika kichwa. Hakunishika.

"Na hawa wengine," akasema, akionyesha mikato yangu, "ni watoto wa nani?"

"Sijui, mama. Nimeweka tu."

"Umewazalisha watu wasiokuwepo."

Akageukia ukutani.

Ijumaa, 12 Aprili

Hajala. Hasemi na mimi.

Jumamosi, 13 Aprili

Hajala. Mama mdogo anamlisha uji kwa kijiko, anafunga midomo. Mama mdogo kaniambia jikoni, kwa sauti ya chini, "Ulikuwa na haja gani ya kumchongea? Si ungekuja ukalia naye tu?" Ningetamani anipige.

Jumatatu, 15 Aprili

Balaa haliji peke yake. Nilikiacha kigoda changu cha uongo kwenye folda ya kazi, na Kipara kakiona. Kwa moyo mwema kabisa kakipeleka kwa Mkuu: jamani, Fundi Viraka kaokoa kile kigoda! Nimekuta wote wamekizunguka kwenye kioo kikubwa. Mkuu ana machozi. Tumepoteza vitu vingi kiasi kile, na hiki hapa kimekamilika juu na chini. Anataka kiwe cha mbele kabisa, ukifungua tu ukurasa unakutana nacho.

"Huu ndio ushahidi kwamba hatukushindwa," akasema.

Nikasema, "Nimeutunga."

"Umeutengeneza upya, kwa kumbukumbu—"

"Sikuwahi kuuona, mzee. Nimeutunga. Wote hao."

Kipara akaniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa. Mkuu akaketi. Akasema basi tuifute mikato, tubakize ule mfuniko laini, watu waone kigoda safi. Nikakataa. Nikasema mfuniko nao ni uongo, tena mbaya zaidi, maana unasema hapakuwa na mtu. Nataka tundu libaki.

"Watu watadhani hatukumaliza!"

"Na hatukumaliza!" nikapiga kelele, mimi, mbele ya Mkuu. "Tulisema chini baadaye! Kila kitu tulichonacho humu ni mgongo tu, na vyote hivyo mimi nimeviziba!"

Funguo zikalia nyuma yangu. Mama Funguo hajawahi kuingia chumba cha kompyuta, anasema kinamtia kizunguzungu. "Mwache tundu lake," akasema. "Ghala langu lina matundu siku hizi. Wayaone."

Mkuu hakusema ndiyo. Aliinuka akatoka.

Alhamisi, 18 Aprili

Nafungua matundu. Kitu kimoja kimoja, vyote vilivyopotea. Kipara kavuta kiti karibu, hatanii, ananitafutia picha za mwanzo. Leo kasema, bila kunitazama, "Wazo la kushusha chini lilikuwa langu." Nikamwambia mimi ndiye niliyekibeba. Tukaendelea na kazi.

Jumapili, 21 Aprili

Mama kala vijiko vitatu vya uji. Bado hasemi na mimi. Pumzi yake naisikia kutoka sebuleni.

Jumanne, 23 Aprili

Mkuu kakubali shingo upande. Maandishi chini ya kigoda kayaandika mwenyewe, na sikutegemea: *Upande wa chini ulikuwa na alama za watoto. Tulichelewa kuupiga picha.* Hakuweka kisingizio. Tangu niajiriwe hapa sijawahi kumpenda kama leo.

Alhamisi, 25 Aprili

Kimekwenda mtandaoni asubuhi. Mvua imepungua, ni manyunyu tu.

Jioni nikaingia kwa mama na tableti nimeishika nyuma, kama mtoto aliyevunja kikombe. Alikuwa amelala kwa ubavu, mama mdogo anamkanda miguu. Daktari alipita mchana, safari hii hakuniita pembeni, alisema pale pale.

"Mama, nimefuta duara."

Mama mdogo akaacha kukanda.

"Nimefuta na wale wengine. Nimeacha kama kilivyo."

Mama akanyoosha mkono. Nikampa. Hakutaka miwani. Akakipindua kwa kidole, na tundu likamgeukia, jeusi, na maandishi ya Mkuu chini yake. Mama mdogo akamsomea. Aliposoma "tulichelewa" sauti ikamkatika, akarudia tena mpaka neno likatoka.

Mama akavuta pumzi, ikachukua muda kufika. Akaweka kidole gumba katikati ya lile tundu, akakituliza hapo. Kisha kwa mkono wa pili akanitafuta, akakishika kidole changu akakivuta, akakiweka kwenye kioo, kando ya chake, akaacha upenyo mdogo.

"Yeye hapa," akasema. "Wewe hapa."

Kidole chake kikateleza mbali na changu, na tableti ikadhani tunataka kukuza picha. Kigoda kikaanza kuwa kikubwa, miguu ikatoka nje ya kioo, kingo zikatoka, likabaki lile tundu peke yake, limejaza kioo chote, giza tupu chini ya vidole vyetu. Nikataka kurekebisha.

"Usiguse," mama akasema.

Sikugusa.